Bima ya Sungura: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa Ada

Ufugaji wa sungura huanza kwa mtaji mdogo na hauhitaji eneo kubwa. Jike hubeba mimba kwa siku 31 hivi, na akitunzwa vema huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Chakula chake kikubwa ni majani, na samadi yake hurudi kwenye mibuni, migomba na mashamba ya ngoro. Kwa sababu hizo mradi huu huwavutia wanawake na vijana katika maeneo ya milimani kama Mkumbi, ambako ardhi ya kuchungia ng'ombe ni finyu.

Hata hivyo, sungura ni mnyama mwepesi wa kufa, na ugonjwa ukiingia bandani waweza kuangamiza kundi zima kwa muda mfupi. Hasara hiyo ni nzito zaidi kwa kikundi kilichoanza kwa mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini una marejesho. Sungura wakifa, deni halifi. Somo hili linaeleza namna ya kuamua kama bima inafaa, na ni bima ipi ya kuchagua.

Bima ya aina gani?

Bima ni mkataba. Mfugaji hulipa ada, na kampuni huahidi kumfidia endapo hasara iliyotajwa katika hati itatokea. Kwa wanyama, ahadi hiyo huja kwa sura tatu.

Ya kwanza hulipia matibabu. Nchini Uingereza, ambako wengi hufuga sungura nyumbani kama paka, bima ya sungura hulipa zaidi gharama za daktari wa mifugo. Kwa mfugaji wa nyama sura hii haina tija kubwa, kwani gharama za kumtibu sungura mmoja zaweza kupita bei yake.

Ya pili hufuata kipimo cha hali ya malisho. Nchini Kenya, bima iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010 huwalipa wafugaji pale picha za satelaiti zinapoonesha kuwa malisho yamekauka. Sungura hufungwa bandani na kuletewa majani. Anapokufa kwa kuhara, satelaiti haioni kitu.

Ya tatu hulipa thamani ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa au ajali. Hii ndiyo inayomfaa mfugaji wetu. Tanzania kampuni za bima husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), na mwaka 2023 kampuni kadhaa ziliungana katika Konsotia ya Bima ya Kilimo (TAIC). Lakini neno "mifugo" katika kipeperushi lisichukuliwe kuwa linamhusu sungura. Kikundi kiulize waziwazi, na jibu liwe limeandikwa katika hati.

Hesabu ya mfano

Tarakimu zifuatazo ni za zoezi tu, si bei ya kampuni yoyote. Kikundi kina sungura 20 wa kuzalisha, kila mmoja ana thamani ya shilingi 30,000. Thamani yote ni shilingi 600,000. Ada ni asilimia 5 kwa mwaka, yaani shilingi 30,000. Hati inasema kwamba katika kila dai, shilingi 60,000 za mwanzo zinabebwa na kikundi chenyewe.

Wakifa sungura wawili, hasara ni shilingi 60,000 na kampuni hailipi chochote. Wakifa 14, hasara ni shilingi 420,000 na kampuni inalipa 360,000. Fedha hizo zinanunua sungura 12, na kikundi kinaendelea na marejesho.

Hesabu hii inatufundisha kwamba bima si ya kila kifo. Ni ya hasara ile ambayo kikundi hakiwezi kuibeba. Hasara ndogo zibebwe na akiba: kikundi kikitenga shilingi 2,000 kwa kila sungura anayeuzwa, mauzo ya sungura 30 yanatosha kufidia zile 60,000 ambazo bima haizigusi. Aidha, mwenye sungura watatu au wanne aanze na akiba. Nauli ya kufuatilia dai Mbinga mjini yaweza kumeza fidia yote.

Maswali sita ya kumwuliza wakala

1. *Je, sungura ametajwa katika hati, na kuanzia umri gani?* Bima nyingi za mifugo huweka mpaka wa umri. Vitoto ambao hawajaachishwa kunyonya, ambao ndio hufa zaidi, huenda wakawa nje.

2. *Ni vifo vipi vinalipwa?* Yatajwe magonjwa, moto, mafuriko, wizi, mbwa na siafu. Uulizwe hasa ugonjwa wa virusi unaosababisha sungura kutokwa damu, uliotambuliwa kwanza nchini China mwaka 1984. Ugonjwa huo huua haraka na hauna tiba, na ni hasara kama hiyo ambayo bima inapaswa kuibeba.

3. *Ni vifo vipi havilipwi?* Njaa, uchafu wa banda na uzembe kwa kawaida havilipwi.

4. *Ulinzi unaanza lini?* Hati nyingi huweka siku za kusubiri baada ya kulipa ada. Kifo cha ndani ya siku hizo hakina fidia.

5. *Kikundi kinabeba kiasi gani katika kila dai?* Ada ndogo yenye kiasi kikubwa cha kubeba yaweza kuwa ghali kuliko inavyoonekana.

6. *Kifo kitolewe taarifa ndani ya saa ngapi, na kwa ushahidi gani?* Wanachama wote walijue jibu hili, si mwenyekiti peke yake.

Kabla ya kulipa, kikundi kithibitishe kwa TIRA kwamba kampuni na wakala wamesajiliwa. Ada ilipwe kwa njia inayotoa stakabadhi, na hati isomwe mbele ya wanachama.

Dai hujengwa na kumbukumbu

Kampuni hulipa hasara iliyothibitishwa. Kila sungura wa kuzalisha awe na alama ya kudumu, kama hereni au namba iliyochorwa sikioni. Daftari la banda lioneshe tarehe ya kununuliwa, kupandishwa, kuzaa, kutibiwa na kufa. Kikitokea kifo, mzoga usitupwe wala kuliwa. Afisa Mifugo wa Kata aitwe mara moja ili achunguze na kuandika taarifa.

Mfugaji naye anawajibika kusema kweli. Akificha kwamba tayari kuna ugonjwa bandani, kampuni ina haki ya kukataa dai. Akikataliwa isivyo haki, awasilishe malalamiko kwa kampuni kwanza, kisha kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Vilevile, bima haichukui nafasi ya utunzaji. Sakafu ya vizimba iwe na nafasi za kupitisha kinyesi na mkojo, kwani unyevunyevu huchochea ugonjwa wa kuhara. Majani yaliyolowa umande yanyaushwe kwanza. Masikio yakaguliwe kila juma ili utitiri uonekane mapema. Katika miezi ya Juni na Julai, upande unaopigwa na upepo uzibwe na visanduku vya kuzalia viwekewe nyasi kavu. Sungura mgeni atengwe kwa wiki mbili hadi nne kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Sungura wetu wote wana thamani gani leo, na tunadaiwa marejesho kiasi gani?
2. Wakifa wangapi kwa mkupuo ndipo tutashindwa kulipa deni?
3. Akiba yetu inabeba vifo vingapi?
4. Iwapo sungura atakufa usiku wa leo, nani atatoa taarifa, na daftari liko kwa nani?

Kikundi chenye majibu ya maswali haya kiyapeleke kwa Afisa Mifugo wa Kata kabla ya kukutana na wakala yeyote. Kitakuwa kinajua kinachotaka kukilinda, na kwa kiasi gani.