Ugonjwa wa Fizi na Jinsi Unavyotibiwa

Katika Mkoa wa Singida wako watu wengi wenye meno ya rangi ya kahawia, na wengine hudhani kwamba rangi hiyo ni uchafu. Si uchafu. Ni alama ya madini yaitwayo floraidi, yapatikanayo kwa wingi katika maji ya visima vingi vya sehemu hizi. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake yangali yanaumbika ndani ya taya, meno hutoka na madoa yasiyofutika. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji.

Twayataja haya kwanza kwa sababu dhana hiyo huleta madhara. Mtu huchukua mchanga au mkaa akasugua kwa nguvu. Doa halitoki, bali fizi ndizo zichubukazo. Na mwingine mwenye meno meupe hujiona salama, kumbe fizi zake zinaharibika kimya kimya.

Chanzo cha ugonjwa wa fizi ni ukoga, yaani ule utando laini ushikao meno, uliojaa vijidudu. Usipoondolewa kila siku hugandamana na chumvi za mate, ukawa gamba gumu kama chokaa, wala mswaki hauliwezi tena. Fizi huvimba na kutoka damu. Hapo ugonjwa ungali mwepesi, nazo zaweza kupona kabisa. Lakini wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali pale, na ukoga huzidi. Baadaye fizi huachana na jino, mfupa ulioshika jino huliwa polepole, jino hulegea, na mwenyewe husema ni uzee tu. Maumivu ni machache, ndiyo maana watu huchelewa.

Daktari bingwa wa fizi hupima kwanza. Ana chombo chembamba chenye alama za milimita, hukiingiza taratibu kati ya fizi na jino. Fizi iliyo nzima, kina chake hakizidi milimita 3; kikifika 4 au zaidi, huenda pana mfuko wa ugonjwa. Kisha huondoa gamba kwa chuma cha mkono, au kwa chombo cha umeme kitikisikacho upesi mno huku kikirusha maji. Mifuko ikiwa mirefu humchoma mgonjwa sindano ya ganzi, akaisafisha mizizi yenyewe chini ya fizi. Baada ya majuma kadhaa mgonjwa hupimwa tena. Palipokataa kupona, fizi hupasuliwa na kufunuliwa, mizizi husafishwa ikionekana kwa macho, kisha hushonwa. Mfupa ulioliwa kwa kawaida haurudi. Kazi ni kuuzuia usiliwe zaidi.

Wengi husema kwamba kusafishwa hulegeza meno. Usemi huo una sababu yake: gamba lilikuwa limeyashikiza meno kama saruji, na uvimbe wa fizi ukinywea meno huonekana marefu, na maji baridi huyachoma kwa siku kadhaa. Lakini jino hilo lilikuwa limekwisha kulegea kabla ya daktari kuligusa.

Mabingwa hao ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Basi mtu wa Mkalama au Ikungi asingoje bingwa. Aanze kwa tabibu wa meno hospitalini, naye atampeleka mbele ikiwa ugonjwa ni mzito. Mwenye kisukari na aseme, maana sukari ikizidi fizi huharibika upesi, na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kutulia. Mvuta tumbako ajihadhari zaidi, kwani fizi zake hutoka damu kidogo hata zikiwa zinaugua, na dalili hufichika.

Nyumbani, mswaki wa mti wafaa, ukitafunwa ncha hata ulainike na kupitishwa taratibu penye mpaka wa fizi na jino, nje na ndani, asubuhi na kabla ya kulala. Dawa ya meno yenye floraidi nayo yafaa. Msomaji atauliza, je, si floraidi hiyo iliyotutia madoa? Ndiyo, lakini yale yalitokana na kumezwa siku zote utotoni, na dawa ya meno hutemwa. Mtoto mdogo apewe kiasi cha punje ya mchele tu, na mama asimame karibu aone kwamba hamezi.