Kupima Injini Yako ya Sataranji Mbele ya Bingwa

Ukimaliza kuandika injini yako ya sataranji, hamu inayofuata ni kuipambanisha na injini nzito ya kununua, tuseme Shredder ya Mjerumani Stefan Meyer-Kahlen. Ipambanishe, ila ujue itapigwa. Unachotafuta ni kuona inavunjikia wapi, na hutaona kitu kama uwanja haujaandaliwa.

Hatua ya 1: Hakikisha inazijua sheria. Iagize ihesabu mifuatano yote ya hatua halali kuanzia nafasi ya mwanzo hadi kina fulani. Watunzi wa injini huiita hesabu hiyo perft. Kina cha kwanza kitoe 20, cha pili 400, cha tatu 8,902, cha nne 197,281. Ukipata 197,280, usiridhike kwamba umekaribia. Kuna kitu injini haikioni.

Kisha ijaribu kwenye nafasi za mitego. Hii ni mojawapo:

8/2p5/3p4/KP5r/1R3p1k/8/4P1P1/8 w - -

Majibu ni 14, 191, 2,812 na 43,238. Mfalme mweusi yuko h4, askari wake yuko f4, ngome nyeupe iko b4, wote kwenye mstari mmoja. Mweupe akimrusha askari wa e2 hadi e4, askari wa f4 anaonekana ana haki ya kumla kwa kupita. Akimla, askari wote wawili wanatoka kwenye mstari huo kwa mpigo, na mfalme anabaki wazi mbele ya ngome. Hatua hiyo ni haramu, na ni rahisi sana injini changa kuiruhusu.

Hatua ya 2: Ifundishe kuzungumza. Injini nyingi za leo huwasiliana kwa itifaki ya UCI, ambayo Meyer-Kahlen huyohuyo aliibuni pamoja na Rudolf Huber mwaka 2000. Ikitumiwa isready, injini yako ijibu readyok hata ikiwa katikati ya kufikiri. Ikiambiwa stop, itoe bestmove papo hapo. Amri ya position huja na orodha ya hatua zilizokwisha kuchezwa. Zihifadhi zote, la sivyo injini yenye ushindi mkononi itarudia nafasi ileile mara tatu na kuambulia sare.

Hatua ya 3: Sawazisha uwanja. Tumia programu ya kuendesha mechi kama cutechess-cli, ambayo ni ya bure. Kila injini ipewe kori moja ya prosesa na kiasi kilekile cha kumbukumbu. Zima kitabu cha funguzi cha bingwa, na uzime uwezo wake wa kufikiri wakati wa zamu ya mpinzani. Muda wa sekunde 10 na nyongeza ya sekunde 0.1 kwa kila hatua unafaa kwa kuanzia.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi yote: wanaanza kila mchezo kutoka nafasi ya mwanzo. Injini mbili zisizo na bahati nasibu ndani yake zitarudia michezo ileile, na matokeo 100 yakawa kwa kweli ni machache mno. Tafuta faili la funguzi fupi zenye usawa, kila ufunguzi uchezwe mara mbili kwa kubadilishana rangi.

Hatua ya 4: Mpunguzie bingwa nguvu. Kipigo cha 100 kwa 0 hakipimiki. Kanuni ya Elo, inayokadiria tofauti ya nguvu kati ya wachezaji, haitoi jibu lolote kwa alama sifuri. Ukipata pointi 1 kati ya 100, tofauti ni kama 798. Ukipata 2, inashuka hadi 676. Mchezo mmoja umehamisha kipimo kwa zaidi ya pointi 120! Karibu na nusu kwa nusu, mchezo huohuo ungekihamisha kwa pointi 7 tu. Basi mpe bingwa sehemu ndogo ya muda unaoipa injini yako, punguza hadi uwe unavuna angalau robo ya pointi zote, kisha usiguse tena masharti hayo.

Hatua ya 5: Soma michezo uliyopoteza. Anza na ile iliyopotea kwa muda kwisha au kwa hatua haramu, maana hiyo ni hitilafu ya programu. Kwa mingine, faili la PGN la cutechess huandika tathmini na kina kando ya kila hatua. Tafuta mahali pa kwanza ambapo bingwa anajiona anashinda na injini yako bado inaona mambo ni sawa. Kama kina chako ni kidogo mno kuliko chake, shughulikia utafutaji, hasa kama unakatisha hesabu katikati ya kulana kete. Kama vina vinakaribiana, tatizo liko kwenye tathmini: pengine haioni hatari inayomzunguka mfalme, au askari anayekaribia kupandishwa cheo.

Hatua ya 6: Rekebisha kitu kimoja, kisha pima. Usimrudie bingwa bado. Lipambanishe toleo jipya na la zamani kwa michezo 1,000 au zaidi. Hata hapo kipimo kinaweza kupotoka kwa pointi 20 hivi kila upande. Cutechess ina jaribio la SPRT linalosimamisha mechi lenyewe ushahidi ukitosha. Toleo jipya likifaulu, lirudishe kwa bingwa kwa masharti yaleyale ya hatua ya 4.