Kipeo, Kipeuo na Fomula ya Lahajedwali: Suala la Mpangilio wa Maneno

1.0 Utangulizi

Mijadala ya istilahi za kisayansi katika Kiswahili huelekea zaidi kwenye uteuzi wa neno: lipi likubaliwe, lipi liachwe. Makala hii inaangalia upande mwingine, yaani namna istilahi iliyokwisha kukubalika inavyokaa katika tungo, na matokeo yake pale tungo hiyo inapohamishiwa kwenye kompyuta. Istilahi inayochunguzwa ni kipeo, pamoja na mwenzake kipeuo.

2.0 Umbo na Maana

Kipeo ni nomino yenye uhusiano na kitenzi pea, yaani kufikia ukomo wa kukua. Katika lugha ya kila siku hutaja kilele cha jambo. Katika hisabati, kipeo cha pili cha 5 ni 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Kiumbo, jozi hii inalingana na ziba na zibua, au funga na fungua, ambamo -u- hutendua kilichotendwa. Kimaana ni jozi nzuri sana. Sikioni, hata hivyo, maneno haya yametengwa na irabu moja tu, na mwalimu mwenye darasa kubwa anaifahamu gharama yake.

Tatizo zito zaidi limo katika namba zinazofuata. Tungo "kipeo cha pili cha mbili" haina utata, kwa kuwa pili ni ya mpango na mbili ni ya idadi. Tofauti hiyo inakoma hapo. Kuanzia tatu na kuendelea, Kiswahili hutumia umbo lilelile kwa mpango na kwa idadi. Kwa hiyo katika "kipeo cha tatu cha tano" hakuna kiambishi wala neno linaloonyesha ipi ni namba inayozidishwa na ipi ni idadi ya kuzidisha. Mpangilio peke yake ndio unaobeba maana: jibu ni 125. Ukigeuzwa, jibu ni 243.

3.0 Mfano wa Gongo la Mboto

Achukuliwe mfano wa mama lishe wa Gongo la Mboto, kandokando ya barabara iendayo Pugu, anayefikiria kuchukua mkopo wa aina ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Kiasi ni shilingi 100,000. Riba ni asilimia 10 kwa mwezi, nayo huongezwa juu ya deni zima kila mwezi usipolipa. Kwa hesabu ya kichwa, mwaka mmoja ni asilimia 120, hivyo deni litafika shilingi 220,000. Anamwomba mwanawe wa sekondari ahakikishe.

Kijana huyo alifundishwa vipeo kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha kwa Kiingereza sekondari. Anajua kwamba atafute kipeo cha kumi na mbili cha 1.1, kisha azidishe kwa 100,000. Akiifuata tungo hiyo neno kwa neno, ataandika =100000*POWER(12,1.1), na lahajedwali, bila kulalamika, itampa zaidi ya shilingi 1,538,000. Fomula hiyo hudai namba inayozidishwa itangulie na kipeo kifuate: =100000*POWER(1.1,12). Jibu sahihi ni shilingi 313,843. Yaani mama alikosea kwa 93,843 akihesabu kichwani, na kompyuta ingemkosesha kwa zaidi ya milioni.

Ikumbukwe kwamba Kiingereza husema namba kwanza na kipeo baadaye, sawasawa na fomula. Kosa la kijana, basi, si la hisabati. Ni la tafsiri, na halitaondolewa kwa kutafsiri menyu tu, kazi ambayo Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliifanya kwa sifa. Mwalimu anaweza kutumia tungo nyingine ambayo Kiswahili tayari kinayo: "1.1 kwa kipeo cha 12". Hapa mpangilio wa maneno na wa fomula ni mmoja, na alama ya ^ nayo husomeka vivyo hivyo: 1.1^12.

4.0 Kipeuo na Mabano

Lahajedwali huandika kipeuo kama kipeo cha sehemu. Tuseme mkopeshaji mwingine hataji riba kabisa. Anasema tu, chukua laki moja, baada ya miezi 12 rudisha laki tatu. Riba ya mwezi hupatikana kwa kipeuo cha 12 cha 3. Akiandika =3^1/12, kijana atapata 0.25, kwa kuwa programu hufanya kipeo kabla ya kugawanya. Mabano ndiyo yanayofanya kazi ya ile -u-: =3^(1/12) hutoa 1.0959. Riba, ambayo haikutajwa, ni karibu asilimia 9.6 kwa mwezi.