Moyo Nao Una Saa Yake

Daktari wa moyo ajibu wasomaji wa Kisii na Nyamira

Swali: Daktari, baba yangu huchuma majani chai Kebirigo. Juzi kifua kilimbana alfajiri, hata kikapu hakijajaa. Ni baridi?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Baridi hubana mishipa, lakini kuna zaidi. Mwaka 1985, James Muller na wenzake huko Marekani walichunguza saa ambazo mshtuko wa moyo huanza. Kilele kilikuwa saa tatu asubuhi, karibu mara 3 ya saa tano usiku. Tukiamka, homoni hupanda, presha hupanda, na chembe zinazogandisha damu hunata upesi. Mzee anayekwea kilima saa hiyo na kikapu mgongoni anaubebesha moyo mizigo miwili. Apimwe wiki hii.

Swali: Mshtuko wa asubuhi huharibu moyo zaidi?

Jibu: Huenda. Utafiti wa Madrid wa mwaka 2011, kwa wagonjwa 811, uliona madhara makubwa zaidi kwa walioanza kuumwa kati ya alfajiri na adhuhuri. Tafiti nyingine hazikuafikiana nao, kwa hiyo simtishi mgonjwa kwa saa yake.

Swali: Mama amelazwa baada ya mshtuko. Taa za wodi haziruhusu usingizi. Je, zinamdhuru?

Jibu: Hili ndilo swali ambalo wachache huuliza. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, waliwavurugia panya wenye mshtuko wa moyo mchana na usiku wao kwa siku 5 tu. Wiki kadhaa baadaye mioyo yao ilikuwa imetanuka na kusukuma damu kwa unyonge kuliko ya wenzao. Siku za mwanzo, chembe za kinga huingia kusafisha nyama iliyokufa kabla kovu halijashika, na kazi hiyo ina ratiba yake ya usiku na mchana. Panya si mama yako, naam. Hata hivyo, mwombeni nesi apunguze mwanga baada ya dawa za usiku. Nanyi wageni (sisi Wakisii hatujui kumtembelea mgonjwa tukiwa wawili) mpeni nafasi alale.

Swali: Vidonge vya presha, asubuhi au usiku?

Jibu: Saa ambayo mgonjwa hasahau. Utafiti wa TIME wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2022 na kuhusisha watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti.

Swali: Maumivu yakianza saa nane usiku, tungoje kuche?

Jibu: Hapana! Hapa ndipo wengi hupotea. Watu husema ni vidonda vya tumbo, wanampa mgonjwa dawa ya asidi, wanangoja matatu ya kwanza. Mshipa ukiziba kabisa, nyama ya moyo huanza kufa ndani ya nusu saa hivi. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hufaa zaidi mapema. Zikipita saa 12 tangu maumivu yaanze, faida yake ni ndogo mno. Atafune asprini ya miligramu 300, kama haimdhuru na hatoki damu popote. Asitembee. Mfikisheni hospitali ya rufaa, Kisii au Nyamira, apimwe umeme wa moyo usiku huohuo. Teksi ya usiku kutoka Nyansiongo ni ghali, najua. Mgongeeni mlango jirani mwenye gari.