SOMO LA MWEZI HUU: MTOTO AMETOKA HOSPITALI, LAKINI SAUTI IMEKAUKA



Mtoto alikuwa mahututi. Aliwekewa mpira kooni ili mashine imsaidie kupumua. Kwa neema ya Mungu akapona, akarudi nyumbani. Lakini sasa kilio chake kinakwaruza, na akinyonya anapaliwa. Jirani anasema, "Hicho ni kimeo, kikatwe." Hapo ndipo hatari ilipo.

Shida ni nini?

Ndani ya koo kuna nyuzi mbili za sauti. Tukivuta pumzi zinafunguka. Tukimeza zinafunga, ili chakula kisiingie njia ya hewa. Ule mpira waweza kuziumiza. Tena, mshipa wa fahamu unaoongoza uzi wa kushoto hushuka mpaka kifuani, ukazunguka mshipa mkuu wa damu karibu na moyo, ndipo ukapanda tena kooni. Kwa hiyo mtoto aliyepasuliwa moyo aweza kuumia mshipa huo, na uzi mmoja ukalala tu bila kusonga. Maziwa yakiingia mapafuni yanaleta nimonia. Kimeo hakihusiki hata kidogo. Kukikata ni kumletea mtoto kutokwa na damu na vidonda vya usaha.

Wanapima namna gani?

Njia ya kawaida ni kamera ndogo kwenye mrija mwembamba, unaopitishwa puani. Inaonyesha vizuri, lakini inamsumbua mtoto aliye dhaifu. Siku hizi baadhi ya madaktari wanatumia pia altrasaundi, ile ile ya akina mama wajawazito. Mtoto akiwa kitandani mwake, anapakwa jeli shingoni, kifaa kinawekwa juu ya koo, na daktari anatazama kama nyuzi zote mbili zinasonga. Hakuna sindano, wala miale kama ya eksirei. Kwa watoto picha hutoka vizuri kwa sababu gegedu za koo bado ni laini; kwa wazee huwa ngumu kama mfupa. Lakini kazi hii yataka mtu aliyefundishwa, na picha isipoeleweka, kamera bado inahitajika.

Tufanye nini?

1. Mtoto aliyetoka kwenye mashine akiwa na sauti ya kukwaruza, akipaliwa kila anaponyonya, au akikoroma anapovuta pumzi, arudishwe hospitali. Akishindwa kupumua, ni mbio siku hiyo hiyo.
2. Mwambie daktari wazi: "Aliwekewa mpira kooni," au "Alipasuliwa moyo." Uliza: "Nyuzi za sauti zimepimwa?" Kuuliza si kukosa adabu.
3. Chukua ile karatasi ya kuruhusiwa, usiiache nyumbani.
4. Kikundi kihakikishe kila jamaa amejiandikisha SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF, na mchango unalipwa. Tena tuwe na akiba kidogo ya nauli.

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Hapa kwetu, mtoto akikauka sauti tunampeleka wapi kwanza? Kwa nini?
- Nani atamsindikiza mama asiye na mtu?