Timu moja, sehemu mbalimbali: tujihadhari na ukimya

Katika kazi ya amani, mara nyingi timu moja ina watu Lubumbashi, Kinshasa na Pweto, kando ya Ziwa Mweru. Tangu hali ya dharura iliyotangazwa tarehe 24 Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wengi tumezoea kukutana kwa simu. Je, uhusiano katika timu ya namna hii ni sawa na ule wa watu wanaofanya kazi chumba kimoja?

Tukiwa pamoja
Tunaonana nyuso. Mwenzako akiudhika, unajua hata kabla hajasema. Ugomvi wa asubuhi unaweza kwisha mchana mkila bukari pamoja. Lakini kuna hatari pia: mkubwa akisema, vijana na wanawake hunyamaza, na wenye lugha moja hukaa upande wao.

Tukiwa mbali
Mwaka 2001 mtafiti Catherine Cramton alieleza habari za timu 13 za wanafunzi wa vyuo vikuu waliofanya kazi pamoja kwa kompyuta, wakiwa sehemu mbalimbali. Ukimya ulileta shida kubwa. Mmoja alidhani mwenzake amekubali, mwingine alidhani amedharauliwa. Walilaumu tabia ya mtu bila kujua hali aliyokuwa nayo.

Kwetu jambo hili ni zito. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, na kumbukumbu hiyo haijafutika. Mwenzetu asipojibu kwa siku mbili, huenda hana umeme wa kuchajia simu. Lakini ni rahisi mtu kusema, "Watu wa kabila lile ndivyo walivyo." Timu inayopatanisha wengine ikigawanyika hivyo, wanavijiji hutambua upesi, nao hawatatuamini tena.

Mambo ya kufanya
• Kutaneni ana kwa ana mwanzoni mwa mradi, na tena kukiwa na ugomvi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.
• Kubalianeni kwamba kila ujumbe utajibiwa, hata kwa kusema tu, "Nimepokea, nitajibu kesho."
• Mtu akinyamaza, muulizeni kwanza hali yake, ndipo muulize ripoti.
• Mkipanga mkutano, tajeni ni saa ya mji gani. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa.
• Mwenyekiti amwite kila mtu kwa jina, akianza na aliye mbali zaidi. Mkubwa aseme mwisho.
• Walio ofisini wasiamue jambo baada ya simu kukatwa.

Maswali ya kujadili
1. Katika timu yenu, nani husikika kidogo mkiwa pamoja? Na mkiwa kwenye simu?
2. Mara ya mwisho mwenzenu aliponyamaza, mlifikiri nini? Sababu ya kweli ilikuwa nini?
3. Ni jambo gani moja mtakalokubaliana kulianza wiki hii?