SOMO LA MWEZI: MAMA ALIYEACHA WOSIA

Soma kwanza: Mithali 31:1–9 na 2 Timotheo 1:3–7

Katika Mithali 31 tunasoma maneno ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Jina la mama huyo hatulijui, lakini mafundisho yake tunayo. Leo tumtazame mama mwingine, wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambaye jina lake tunalijua.

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, katika nchi ambayo leo ni Kenya. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa mji wa Siyu, aliyepigana na Sultani wa Unguja asitawaliwe naye. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858 Mwana Kupona, sasa mjane tena mgonjwa, alitunga utenzi wa beti 102 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima.

Alianzaje? Alimwita binti asogee karibu, alete wino na karatasi, kwa kuwa alikuwa na neno moyoni. Hakuanza na habari za mali wala za vita vya baba yake. Alianza na kushika dini. Kisha akafundisha adabu, ulimi wa kweli na mambo ya ndoa. Mwishoni aliwaombea watoto wake na ndugu zake, akajiombea na afya yake.

Yeye alikuwa Mwislamu. Sisi ni Wakristo, wala hatusomi utenzi wake kama Maandiko. Tena si yote tunayoyapokea. Alimwonya binti asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Hapo alinena kama watu wa cheo wa zamani zake. Sisi tumefundishwa Wagalatia 3:28. Alikaza sana utii wa mke; nasi tukumbuke kwamba Waefeso 5 inamwagiza mume pia.

Lakini katika jambo moja ametutangulia. Hakungoja apone ndipo aseme. Mara ngapi tumeketi matangani tukisikia watoto wakigombania kiwanja, mabati na mtumbwi, wala hakuna anayeweza kueleza mama yao aliwaombea nini? Mali tunagawa, imani tunadhani watoto wataiokota wenyewe. Timotheo hakuiokota. Aliipokea kwa Loisi bibi yake na Eunike mama yake.

Maneno ya Mwana Kupona yalinakiliwa kwa mkono, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliyatoa katika kitabu. Utawala wa Siyu umekwisha. Wosia wa mama ungali unasomwa.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika kikundi:

1. Ni neno gani la imani ulilolipokea kwa mama, baba au bibi yako? Je, umelifikisha kwa watoto?
2. Kwa nini ni rahisi kuzungumza nao habari za ada ya shule kuliko habari za Mungu?
3. Wiki hii, andika katika daftari mambo matatu unayotaka watoto wako wayashike. Asiyejua kuandika na amwite mjukuu alete kalamu. Hata Mwana Hashima aliitwa hivyo.

Tuombe: Ee Bwana, tufungue vinywa vyetu tungali hai, watoto wetu wasikose urithi ulio bora. Amina.